Aliyetembea Nyuma

Mwaka 2025 hakuna aliyetudai punje. Tulikusanyika Keringet sokoni kabla ya saa 1 asubuhi, Jumamosi ya pili ya Julai, watu 19 ndani ya makoti na gambuti, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya maduka. Mwenye kibanda cha chai alikuwa bado anapepea makaa. Tukasalimiana, tukapigapiga miguu chini ipate joto, tukangoja. Ilipita robo saa nzima kabla mtu hajauliza tunangoja nini. Hakuna aliyemjibu. Mikono ilikuwa mifukoni, na mle mifukoni, kama nilivyokuja kujua baadaye, karibu kila mmoja alikuwa na punje ya mahindi aliyotoka nayo nyumbani.

Desturi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Tulimwita Mwalimu tu, ingawa kikundini wamo walimu wengine watano. Alikuwa amestaafu, mwembamba, na koti zito la kijani la mtumba alilonunua Molo. Jina lake, kama majina mengi ya Wakipsigis, lilihifadhi saa aliyozaliwa: jioni, mbuzi wanaporudi zizini. Kabla hatujaondoka alisimama kando ya njia, akafungua mfuko wa kulia wa koti lile, na kila mmoja wetu akapita akitumbukiza punje yake. Hakusema neno. Tuliporudi alisimama pale pale, na kila aliyefika akaingiza vidole akatoa punje moja. Mfuko ukibaki mtupu, tumerudi sote. Hapo ndipo alipoagiza chai.

Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini asihesabu tu vichwa. "Mama, watu si magunia ya viazi," akanijibu. Wazee wengi wa huku hawapendi kumnyooshea binadamu kidole, huyu wa saba, huyu wa nane, na hata mifugo hawaihesabu kwa sauti. Mchungaji anayeijua kazi yake husimama mlangoni pa zizi jioni akatazama, na macho yenyewe yanaona pengo. Mimi ni karani wa kupima majani ya chai, kwa hiyo nilicheka. Nimeishi kwa namba. Asubuhi za ukungu wachumaji huleta majani yaliyoloa, na kila siku kuna ubishi ule ule chini ya mizani inayoning'inia: yale maji ni ya nani? Mchumaji anayataka yaandikwe, kiwanda hakiyataki, na karani yuko katikati na kalamu yake. Nilimwona Mwalimu kama mtu aliyekataa mizani kwa sababu ya ushirikina mdogo. Nilichelewa kuelewa.

Ukungu wa Julai huku hauji kama mvua, ambayo unaisikia kwanza kwenye mabati ya jirani. Unainua macho kutoka kwenye sufuria, mti wa uani haupo. Hewa yenye unyevu hupanda safu ya Mau, hupoa, na kilima kizima kinazama. Njiani unaona mgongo wa aliye mbele yako, na pengine wa aliye mbele yake. Wa tatu ni kivuli, wa nne ni kikohozi. Sauti nazo zinadanganya. Mbwa anayebweka kana kwamba yuko miguuni pako yuko ng'ambo ya bonde, na mtu anayekuita kwa upole yuko hatua tatu kutoka kwako. Tunashika barabara ya upande wa Olenguruone, tunaiacha baada ya muda, tunakata kati ya mashamba ya viazi na chai hadi ukingo wa Msitu wa Mau, kisha tunarudi. Kilomita 15 hivi. Siku ya jua ni matembezi ya kuzungumza na kula miwa. Julai ni kazi.

Aliyeongoza mbele alibadilika mwaka hadi mwaka. Siku hizi ni kijana wa boda anayejua kila kichochoro. Wa nyuma alikuwa Mwalimu, daima. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Mombasa kwenda bara ilikuwa na kirangozi wake mbele, na huyo ndiye aliyepata sifa. Nyuma walikuwapo wanyapara, waliowakusanya waliochoka na kuhakikisha hakuna mzigo uliobaki kichakani, mara nyingi kwa fimbo. Mwalimu hakuwa na fimbo. Alikuwa na peremende za mnanaa, na ukianza kulegea ulihisi tu kitu kidogo chenye karatasi kikisukumwa mkononi mwako.

Mpwa wangu anaishi Sheffield, Uingereza, na klabu yake ya matembezi hupanda vilima vya Peak District katikati ya Januari, kwenye nyika ya juu isiyo na mti, matope meusi na nyasi ndefu, na ukungu ambao kwa maelezo yake unaushinda wetu. Sisi nyika za namna hiyo hatuna hapa Mau. Ukizitaka uende Nyandarua, ukapande juu kabisa ya mianzi. Aliniambia kwa simu kwamba nao wana mtu wao wa nyuma, na ni sheria: hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Nilimpelekea Mwalimu habari hizo nikidhani zitamfurahisha. Akauliza kama mtu huyo naye ana mfuko.

Punje zilianza 2012, kikundi kilipoanza, lakini chanzo chake kilikuwa darasani. Kuresoi, eneo letu hili, haikuungoja uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilikuwa zimeshaanza kuchomwa wiki nyingi kabla, kama zilivyochomwa 1992, na tena 1997. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, huku kwetu kulikuwa na mabomba ya moshi yaliyosimama peke yake katikati ya magugu. Baadaye tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko hayo, iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchini kote. Mwalimu aliijua namba hiyo na aliiheshimu. Alisema tu kwamba yeye hakuwahi kukutana na watu 1,133. Alikutana na daftari la mahudhurio.

Shule ilipofunguliwa aliita majina yote ya darasa la sita, kwa mpangilio ule ule wa muhula uliopita. Majina mengi yalijibiwa na kimya. Wengi wa wenyewe walikuwa hai, katika kambi za Molo na Nakuru, au kwa ndugu za wazazi wao Nyandarua na Kisii. Hakukata hata jina moja. Aliyaita kila asubuhi mpaka muhula ukaisha, akinyamaza kidogo baada ya kila moja, na watoto waliokuwapo wakazoea kukaa ndani ya kimya kile bila kunong'ona. Mkubwa wake mmoja alimwambia anapoteza kipindi cha hesabu. "Hii ndiyo hesabu," alimjibu.

Kisa hiki hakunisimulia yeye. Nilikipata kwa mwanafunzi wake, sasa mama wa watoto watatu, ambaye jina lake liliitwa asubuhi zote hizo akiwa kwenye hema la uwanja wa maonyesho Nakuru. Aliambiwa miaka mingi baadaye na mwenzake aliyekuwa amebaki. "Nililia," aliniambia, "kana kwamba nimesikia jina langu redioni."

Kikundi chetu kilianza na watu sita, watatu wa upande huu wa mto na watatu wa upande ule, na nadhani mnanielewa. Kulikuwa na migongo ya vilima ambayo watu walikuwa hawaivuki kwa miguu tena. Kwa matatu, sawa. Kwa miguu, mchana kweupe, ukisalimia kila mlango, hapana. Hatukuitisha mkutano wala kuomba mfadhili. Tulitembea Jumamosi moja, tukanywa chai, tukatembea nyingine.

Julai 2019 nilifanya jambo ambalo bado linanitoa jasho. Asubuhi ile nilikuwa nimesahau punje. Niliokota haragwe moja la rosikoko kwenye kikapu cha muuzaji pale sokoni, nikalitumbukiza kati ya mahindi. Mwalimu aliliona, akatabasamu, akaacha. Tukatembea. Wakati wa kurudi, mvua juu ya ukungu, soksi zimelowa, nilikuwa nimebaki nyuma kidogo, mtu wa pili kutoka mwisho. Mwalimu alikuwa amesimama kumsaidia mzee mmoja aliyekwama na gambuti kwenye tope. Pikapu ya majani chai ikatokea kwenye njia panda, dereva ni mtu ninayemjua kituoni, akafungua mlango. Nikapanda. Nilijiambia nitampigia Mwalimu simu, na simu ilikuwa imezimika. Nikajiambia wataona sipo, wataelewa. Nilifika nyumbani, nikaoga maji ya moto, nikala, nikajifunika mablanketi mawili.

Kule sokoni kila mtu alichukua punje yake, na mfukoni likabaki haragwe. Lingekuwa punje ya mahindi wangepoteza muda kuulizana ni ya nani. Haragwe lilikuwa na jina langu. Mwalimu aliiacha chai mezani, akawachukua vijana wawili na tochi, akarudi njia ile yote akiniita. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshasinzia. Mtu alikuja kunigongea mlango saa 3 usiku, wakampelekea habari, naye akafika kwake saa 5 imepita.

Asubuhi nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari na aibu yangu. Nilimkuta anakamua. Hakusimama wala hakugeuka, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha."

"Haragwe lako lipo."

"Basi nipe nilichukue."

"Utalichukua ukirudi kutoka safarini."

"Lakini nimesharudi, Mwalimu."

"Nyumbani umerudi," akasema. "Safarini bado."

Sikuelewa kama ni mzaha. Mwaka uliofuata Korona ilitukalisha ndani, na tukaja kutembea tena Julai 2022. Jioni, tulipofika sokoni, nilitoa punje yangu kwenye mfuko wa kulia kama kila mtu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto, ambao sikuwahi kumwona akiugusa, akanipa haragwe lile, limekauka na kukunjamana, madoa yake mekundu yamekuwa ya kahawia. Alikuwa amelibeba miaka mitatu. Sikujua la kufanya nalo. Jioni ile nililitia chunguni pamoja na mengine, nikala.

Alifariki Novemba 2024, usiku, usingizini, moyo. Tulimzika Ijumaa. Hema, viti vya kukodi, kijitabu cha wasifu chenye picha ya rangi. Kijitabu kilihesabu vizuri: watoto, wajukuu, miaka ya utumishi, shule alizofundisha. Kuhusu matembezi kilisema alipenda mazoezi. Tulisimama pembeni, kikundi chetu, gambuti zetu zikituumbua kati ya viatu vilivyong'arishwa, na tulipopewa nafasi ya kutupa udongo nilijikuta natazama tuko wangapi. Mvua ilinyesha wakati wa sala ya mwisho. Wakasema ni baraka. Huku mvua ni baraka hata inapoozesha viazi.

Mwezi wa Februari mjane wake aliniita, akanipa koti. "Wanangu ni wanene," alisema, "na hili si la kumpa mpita njia." Nililitundika nyuma ya mlango wiki kadhaa kabla ya kuugusa mfuko wa kushoto. Kulikuwa na punje nne. Fukusi walikuwa wamezipata; moja ilikuwa ganda tupu lenye tundu safi kama la sindano. Nilizipanga mezani. Nne maana yake ni watu wanne walioondoka msafarani bila kuaga na hawakurudi kuzidai. Mmoja nadhani ni muuguzi aliyehamishiwa Turkana. Mwingine huenda ni yule kijana aliyekwenda kutafuta kazi Uarabuni, aliyetembea nasi mara moja tu akiwa na viatu vya raba. Wawili sijui. Mwalimu alijua, bila shaka, na hakuna mahali alipoandika.

Nimewazika wazazi wangu wote wawili na kaka yangu, na kila mara nilijua ninamlilia nani na kwa jina gani. Kiswahili kimetupa yatima, mjane, mgane. Aliyebaki ana mahali pa kukaa. Kwa Mwalimu nilikosa kiti. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, hatukuwahi kukaa pamoja zaidi ya kikombe cha pili. Watu walinipa pole nikashindwa kuipokea, kwa sababu nilihisi nachukua ya wenyewe. Ila tangu Novemba nikitembea peke yangu kutoka kituoni jioni, giza likianza, nimekuwa na tabia ya kugeuka. Hakuna ninachokiogopa. Nageuka tu.

Jumamosi ile ya Julai soko zima lilikuwa na habari moja. Zamani Wakenya wengi walilijua jina la Keringet kwenye chupa ya maji, hawakujua kama ni mahali pa watu. Siku hizi wanalijua kwa sababu ya Faith Kipyegon, binti wa Ndabibit, ambaye wiki moja kabla, tarehe 5 Julai, alikuwa amevunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 huko Eugene, Marekani: dakika 3, sekunde 48.68. Mwanamke wa kwanza kabisa kushuka chini ya 3:49. Muuza chai alikuwa anaisimulia mara ya kumi, mikono hewani. Lakini mimi akili yangu ilikuwa kwenye mbio nyingine, za mwezi Juni kule Paris, alipojaribu kuimaliza maili moja chini ya dakika 4. Alikosa kwa sekunde kadhaa. Nilitazama kwenye simu ya binti yangu. Walimpangia wakimbiaji 13 wa kumkinga na upepo, na wengine wao waliwekwa nyuma yake. Wa mbele naelewa, wanapasua hewa. Binti yangu akanieleza kwamba hata hewa inayojikunja mgongoni humvuta mkimbiaji, na aliye nyuma huifanya imwachilie. Nilimwomba arudishe video ile tena na tena, hadi akaninyang'anya simu.

Basi tulikuwa tumesimama pale, punje mifukoni, hakuna anayesema. Wiki hiyo redio ilikuwa inataja waliouawa kwenye maandamano ya Saba Saba, na idadi ilikuwa inapanda taarifa hadi taarifa. Mtu aliizima ya kibandani, nadhani bila kukusudia lolote. Nilikuwa nimevaa koti la Mwalimu kwa sababu ya baridi. Ndiyo sababu niliyojipa. Kogo mmoja, kama tunavyomwita bibi mzee huku, mkubwa wetu kwa umri, mwenye shuka jekundu juu ya sweta, akanijia, akaufungua mfuko wa kulia kwa vidole viwili kama anayechungulia chungu, akatumbukiza punje yake. Halafu akaenda zake kusimama nyuma ya kijana wa boda. Wengine wakafuata. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Kwa hiyo nilitembea nyuma, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, na ni nchi nyingine kabisa. Mbele ya msafara unaona njia. Katikati unaona mgongo na kusikia hadithi za mwenzako. Nyuma unaona kinachodondoka. Niliokota glavu moja, kofia ya sufu, simu. Niliona nani anachechemea akidhani hatazamwi, na nani anatembea karibu na nani kuliko inavyopasa. Nilimwona mtu mzima, mcheshi wa kikundi, akijifanya anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba ili apanguse macho. Aliponiona nimesimama nikampa peremende. Nilikuwa nimezinunua asubuhi ile, na hadi dakika ile sikuwa nimejiuliza za nini.

Na nyuma yako hakuna kitu. Hilo sikuwa nimelitarajia. Baridi ya mgongoni ni tofauti. Ukungu unafunga njia uliyotoka mara tu unapoinua mguu, na unakuwa ukingo wa msafara wenyewe, pale watu wanapoishia.

Tulifika kwenye ukanda wa chai ya Nyayo, uliopandwa kuanzia 1986 uwe uzio kati ya mashamba na miti, na baada yake mianzi, ambayo katika hali hiyo ya hewa inadondosha maji saa zote kama paa la nyasi baada ya mvua. Hapo hutupokea mzee mmoja wa Kiogiek na asali kwenye kopo. Mwalimu na yeye walikuwa wakikaa kando, wakinyamaza pamoja. Safari hii alinitazama koti, akasogea kwenye gogo, nikakaa.

Alizungumza kidogo, si juu ya Mwalimu. Alinikumbusha kwamba mahakama ya Afrika, ile ya Arusha, iliwapa Waogiek haki yao juu ya msitu huu tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikasema walipwe: shilingi 57,850,000 kwa mali waliyopoteza, na 100,000,000 kwa uchungu. Fedha walikuwa hawajaziona. Mpwa wangu aliwahi kuniambia kwamba vilima anavyovipanda yeye vilikuwa vya mabwana wakubwa, na Aprili 1932 mamia ya watu wa kawaida waliingia kwa nguvu kwenye mlima uitwao Kinder Scout, watano wakafungwa. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliteua tume ya ardhi ya Kenya, iliyokuja kupendekeza watu wa msitu huu, walioitwa Wadorobo, wapelekwe kwenye maeneo ya majirani zao. Nadhani kule walihesabiwa vizuri, ndani ya jumla ya wengine.

"Milioni mia ya uchungu," alisema mzee, akilamba asali kidoleni. "Wewe ni karani. Hiyo waliipimaje?"

Sikuwa na jibu. Niliwaza mizani yetu inayoning'inia, gunia lililoloa, na kalamu yangu inayokata uzito wa gunia kabla ya kuandika. Niliwaza pia kwamba haki hiyo waliisubiri kwa muda mrefu na kwamba namba, hata hiyo, ni zaidi ya kimya. Lakini nilijua Mwalimu angesema nini, kwa hiyo sikusema. Tukakaa mpaka kijana wa boda akapiga mluzi wa kuondoka.

Kurudi kulikuwa kubaya. Ukungu ulikuwa umenenepa, na kwenye njia panda ile ile ya pikapu nilisimama muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Hakuna gari lililopita. Mbele yangu niliwasikia wakiitana, na mara kwa mara mtu aligeuka, nikaona uso badala ya kisogo, uso mweupe wa ukungu ukinitafuta, kisha ukaridhika na kurudi mbele. Nilikuwa nimedhani ni mimi tu nigeukaye.

Tulifika sokoni saa 11 jioni. Nilisimama kando ya njia, mahali pake, nikaufungua mfuko. Walikuja mmoja mmoja. Kuna waliochukua haraka haraka kama wanaochukua chenji, na kuna waliopapasa kwa muda, vidole baridi vikinigusa kiunoni kupitia kitambaa. Kogo alichukua yake, akaitazama, akaitia mdomoni. Wa mwisho alikuwa mcheshi wetu. Nikaingiza mkono: mtupu. Nikautoa nje kabisa, nikaupindua, vumbi na uzi. Wote 18.

Nikamwambia mwenye kibanda atie maziwa mengi. Boda zilikuwa zimeanza kuondoka, taa nyekundu zikimezwa moja baada ya nyingine kuelekea kila upande. Chai ilipokuja niliingiza mkono ndani ya sweta kutafuta pesa, na pamoja na sarafu ikatoka punje yangu, ile niliyoichagua jikoni asubuhi. Sikuwa nimeiweka. Nilikaa nayo kiganjani, nikajaribu kukumbuka, Julai moja hadi nyingine, tangu 2012, kama niliwahi hata mara moja kumwona Mwalimu akiweka yake.

Mwenye kibanda akaniuliza kama aongeze sukari.